Sanduku Linajua

Kijana wetu mpya alifika maabara akiwa na vyeti viwili, laptopu yenye vibandiko mgongoni, na imani kwamba sisi wengine wote tulikuwa tumekaa tukimsubiri yeye. Alikuwa ametoka kwenye kozi ya kuandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe. Kozi ya wiki mbili. Mimi, ambaye wote hapa huniita Shangazi, nimetunza sampuli katika maabara hii miaka ishirini na miwili na sijawahi kuamka siku moja nikajiita mtaalamu. Yeye siku ya pili tu alijitambulisha kwa fundi wa mashine kuwa ndiye mtaalamu wa data, basi tukamwachia jina hilo hilo. Mtaalamu. Alidhani tunamheshimu.

Maabara yetu inapima magonjwa ya nyuki. Mfugaji akishuku mizinga yake, tunachukua majana, yaani watoto wa nyuki wakiwa bado ndani ya sega. Mimi nayatia kwenye vichupa, fundi anavipitisha kwenye mashine ya kusoma vinasaba, na mashine inatoa mafaili, faili moja kwa kila mzinga. Ndani ya faili hakuna cha kumfurahisha mtu, ni herufi nne tu zinazojirudia kurasa na kurasa. Lazima awepo wa kuyasoma yote na kutuambia mzinga upi mzima na upi unaoza.

Zamani aliyeyasoma alikuwa Mzee wa Takwimu, na huyo, Mungu amjalie uzee mwema, alikuwa mtu wa taratibu mpaka anaudhi. Faili likitoka mashineni, kabla hajalitazama, alilinakili kwenye diski anayoifungia kabatini. Lile la asili aliliita faili mama, naye alilifunga lisomeke tu, lisiandikike. Kila alichotaka kukijaribu alikijaribu kwenye nakala. Majibu aliyaweka folda nyingine kabisa, na kila jina la faili alilolitoa lilitaja mwenye mizinga, namba ya mzinga na tarehe, hata ukiliokota njiani ungejua lirudi kwa nani. Sanduku moja la vichupa lilimchukua siku tisa.

Alinisumbua na mimi. Alitaka kila kifuniko cha kichupa niandike jina la mfugaji pamoja na namba. Nikamwambia kifuniko chenyewe hakizidi ukucha wa kidole gumba, naandika namba inatosha, jina la mwenyewe liko juu ya sanduku. Sanduku linajua, nilimwambia. Akauliza je, sanduku likidondoka. Nikamjibu kuwa mimi si mtu wa kudondosha vitu. Tulibishana hivyo miaka mingi, mpaka akastaafu bila kunishinda, na siku ya kumuaga nilimkumbusha mbele ya watu kuwa sanduku bado linajua.

Ndipo akaja huyu Mtaalamu, ambaye kompyuta yake ilitosha kumtia mtu homa. Kioo kizima kimejaa mafaili: majibu, majibu mapya, majibu mapya2, ya mwisho, ya mwisho kabisa, hii ndiyo, hii ndiyo usifute. Siku moja nilimuuliza, kwa upole wangu wote, lipi ni la kuaminiwa kati ya "ya mwisho kabisa" na "hii ndiyo". Akacheka, akasema inategemea. Skripti zake alizijaribu moja kwa moja kwenye mafaili ya wafugaji. Nilimweleza kwamba Mzee alikuwa akitunga mafaili matatu ya uongo, ambayo majibu yake anayajua, na skripti ikikosea kwenye hayo basi haiguswi data ya mtu. Akanijibu kuwa hayo yalikuwa mambo ya enzi za watu wanaoogopa kompyuta. Nikarudi kwenye vichupa vyangu. Nimeshaona wengi wenye vichwa vilivyovimba, na kazi hii ina namna yake ya kuvitoboa.

Katika siku hizo tulipokea mizinga ya watu wawili. Wa kwanza ni mdogo wangu, aliyenifuata ziwa. Baada ya mumewe kufunga mizigo yake na kwenda zake, mdogo wangu alianza na mizinga minne nyuma ya nyumba, leo anayo ishirini na sita. Hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake, na anaijua mmoja mmoja kwa tabia: huu mkali, huu mvivu, huu unamnung'unikia kila akipita. Wa pili ni meneja mstaafu wa benki, jirani yake wa uzio. Meneja alikuwa na mizinga thelathini iliyopakwa rangi ya buluu, na nyuki wake aliwaita watumishi. Wote wawili walikuwa wameipa mizinga yao namba kuanzia moja, kwani nani huanza kuhesabu kwa kumi na saba?

Ugonjwa tulioushuku ni ule wa kuoza majana. Ukifungua mzinga wenye ugonjwa huo unapokewa na harufu ya gundi iliyochacha, na ukichomeka njiti kwenye kijumba cha sega inatoka ikivuta uzi wa ute wa kahawia. Hauna dawa ya maana, na vimelea vyake vinakaa ndani ya mbao miaka na miaka. Mzinga ukithibitishwa kuugua, linachimbwa shimo, unamwagiwa mafuta ya taa, unachomwa na nyuki wake wakiwa ndani. Mkaguzi wa serikali husimama kando mpaka moto uzime.

Jumanne Mtaalamu alitoa majibu. Kazi ya siku tisa ameimaliza kwa dakika moja na nusu, na alihakikisha hakuna mtu ndani ya jengo asiyesikia hivyo. Alikuja mpaka mezani kwangu kunitangazia, akachomoa kalamu yangu bila kuomba kutoka kwenye kile kisanduku cheupe ninachowekea kalamu, akatia saini mbele yangu. Mdogo wangu alikuwa na mizinga tisa mibovu. Meneja naye tisa. Barua zikaenda kwa mkaguzi, naye akapanga kuchoma kote kuwili Ijumaa asubuhi.

Jumatano kabla ya chakula cha mchana mdogo wangu alinipigia. Hakuwa analia, alikuwa anaongea polepole kupita kiasi, na hilo kwake ni baya zaidi. Alitaka kunisomea namba, mmoja mmoja, nadhani ili asiwe peke yake wakati anazisoma. Mkononi nilikuwa na nakala ya barua ya Meneja naitafutia jalada. Akaanza: wa tatu, wa nne, wa saba, wa nane. Kidole changu kikaanza kushuka kwenye karatasi ya Meneja bila mimi kukituma. Wa kumi na moja. Wa kumi na tano, wa kumi na sita. Wa ishirini na mbili, wa ishirini na tano. Alipomaliza na mimi nilikuwa nimefika chini, na hakuna namba hata moja iliyonipita.

Nilimwambia asimguse nyuki hata mmoja, kisha nikaenda kwa Mtaalamu. Siwezi kusema uongo, nilikwenda kwa furaha. Hofu ya mdogo wangu nilikuwa nayo, lakini juu yake nilikuwa na raha ya mtu aliyesubiri miezi minne kusema niliwaambia. Nilimpitia mkuu wa maabara ofisini kwake ili na yeye asikose.

Tukamkalisha Mtaalamu kitako, akafungua skripti yake, akaanza kutueleza mstari kwa mstari, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyompungua. Mashine ilikuwa imetoa folda mbili, moja kwa kila sanduku. Yeye aliona folda mbili ni usumbufu, hivyo skripti yake ilianza kwa kuyakusanya mafaili yote kwenye folda moja. Haikuyanakili, iliyahamisha. Na kila faili lilikuwa na jina la namba ya mzinga tu. Ukihamisha kwa mkono wako, kompyuta ina adabu, inakuuliza kama kweli unataka kulifuta lililotangulia. Skripti haiulizi, inatii. Faili la saba la mtu mmoja likaingia, la saba la mwingine likaja likakalia pale pale, la kwanza likapotea. Vivyo hivyo kwa mafaili ishirini na sita. Baadaye aliyagawa majibu yale yale kwa watu wawili.

Mkuu akauliza yaliyobaki ni ya nani. Mtaalamu akasema hajui, kompyuta ilianza na folda aliyoikuta kwanza. Nikamwambia afungue faili aangalie mstari wa juu, kwa sababu mashine huandika hapo jina la sanduku na saa, hata mimi mwosha vichupa najua. Akainamisha kichwa. Mstari ule ulikuwa unaikwamisha skripti yake, kwa hiyo aliiamuru iufute kwenye mafaili yote.

"Na faili mama?" nikamuuliza.

"Ndiyo hayo hayo, Shangazi."

Fundi wa mashine akaongeza kuwa mashine yenyewe hujisafisha kila Jumatatu kupata nafasi, ndiyo maana Mzee alikuwa na diski ya kabatini. Ile diski tuliikuta kabatini kweli, ina vumbi, na faili lake la mwisho ni la juma alilostaafu.

Hapo nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia kwamba kozi yake ya wiki mbili ilimfundisha kukimbia kabla hajafundishwa kuvaa viatu, kwamba mtu asiyejua kutunza faili anyang'anywe kitufe cha kufuta, na kwamba mizinga kumi na minane ilikuwa inakwenda shimoni kwa sababu bwana mkubwa aliona folda mbili ni nyingi. Nilisema mengi. Fundi alikuwa anatazama viatu vyake. Mtaalamu hakujitetea hata kwa neno moja, na mimi hilo halikunipunguza kasi.

Mkuu aliuliza tufanye nini na Ijumaa ile inatujia. Nikasimama wima. Nikasema kwa bahati katika jengo hili wamo watu wanaojua maana ya kutunza. Vichupa vipo kwenye friza, majana ya kutosha kusomwa upya. Fundi akianza mchana huu, kesho jioni tuna majibu, na anayestahili kuchomewa Ijumaa achomewe, asiyestahili alale. Mkuu akashusha pumzi, akasema asante, Shangazi, bila wewe sijui. Nikamwamuru Mtaalamu avae glavu anifuate, maana nilitaka aone kwa macho yake kitu kilichotunzwa kinavyofanana.

Chumba cha friza ni chembamba, watu wawili wakiingia lazima mmoja arudi nyuma mlango ufunguke. Nilivuta droo ya tatu, nikafuta barafu kwa kiganja, nikafunua. Vichupa vilikuwa vimepangwa kwa mstari ulionyooka, namba zimetazama juu, kazi safi kabisa. Moja na moja. Mbili na mbili. Tatu na tatu. Mpaka ishirini na sita na ishirini na sita, kisha nne za mwisho zikiwa peke yake.

Nilibaki nimeshika kifuniko cha droo. Juma lililopita friza ilikuwa imejaa, mkuu akataka tupunguze masanduku, na mimi ndiye niliyetoa vichupa vya masanduku mawili yaliyojaa nusu nikavipanga pamoja. Tena nilivipanga kwa namba, ili mtu akitaka namba saba aipate bila kutafuta. Mkuu alinisifu kwa kuokoa nafasi. Sanduku la Meneja nililitupa. La mdogo wangu lilikuwa bado zuri, jeupe, kona zake hazijalegea, nikaenda nalo mezani kwangu nikaliwekea kalamu. Jina lake lipo ubavuni kwa mwandiko wangu, upande unaotazama ukuta.

"Shangazi," Mtaalamu akauliza, "vipi ni vya nani?"

Hakuuliza kwa kejeli. Laiti angeuliza kwa kejeli ningepata pa kushika. Aliuliza kama mtu anayeamini kuwa najua, akaona sijibu, akadhani nimechoka, akasema tuvipeleke tu vyote mashineni, vikishasomwa nitasema mwenyewe kipi cha nani.

Nitasema mwenyewe. Kesho jioni kungekuwa na majibu mawili ya mzinga wa tatu, huenda moja bovu na moja zima, na wote wangenigeukia mimi. Ningesema lile zima ni la mdogo wangu. Na la nne. Na la saba. Nani angebisha? Miaka ishirini na miwili, mtu asiyedondosha vitu. Mizinga yote tisa ya mdogo wangu ingepona kwa ulimi wangu tu, na Meneja angechoma watumishi wake bila kujua kama ni wagonjwa au wazima. Na kama mibovu ilikuwa ya mdogo wangu, ingebaki pale imesimama kwenye uzio, inaoza na kuambukiza huku na kule. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Barafu ya kwenye droo ilianza kutoa jasho.

Niliifunga droo. Nikamwambia Mtaalamu sijui vipi ni vya nani, na kwamba hata mimi nimehamisha bila kunakili. Alinitazama, kisha akaelewa, na yule kijana niliyemsuta mbele ya watu nusu saa kabla hakucheka. Alinifungulia mlango tu. Ningependa angecheka.

Kwa mkuu nilieleza nimesimama, kwa maneno machache, nikaenda mezani nikamwaga kalamu zangu nikamletea lile sanduku alione. Alilisoma jina, akaligeuza, akaliweka chini. Kisha akampigia mkaguzi simu kusimamisha moto wa Ijumaa. Mkaguzi hakufurahi. Alisema sampuli mpya atazichukua mwenyewe kwa lakiri yake, kwa kuwa maabara yetu haina tena mtu wa kuaminiwa, na atazileta atakapopata nafasi. Kwa kuzichukua na kuzisoma zikapita siku kumi na moja. Mimi na Mtaalamu tulipewa barua za onyo. Zilifanana neno kwa neno, tofauti ilikuwa jina tu juu, na nililikagua jina kabla ya kutia saini.

Katika siku hizo kumi na moja kijana alibadilika, na alivyobadilika aliudhi kuliko mwanzo. Alibandika karatasi ukutani yenye mambo ya kufanya kabla ya kuigusa data, kwa mwandiko ambao kuku angeuonea haya: faili mama lisomeke tu, nakili, usihamishe, majibu yakae folda yake, jina liseme ni la nani, skripti ikikuta faili lenye jina hilo isimame na iulize. Alimpigia Mzee wa Takwimu simu nyumbani wakaongea saa nzima. Nilimwona anatunga mafaili yake matatu ya uongo, anayaendesha, anakosea, anarudia. Chini ya karatasi aliacha mstari mtupu, hakuniambia kitu. Nilikaa nao siku mbili, ndipo nikaandika: kila kifuniko, jina na namba. Herufi zangu angalau zinasomeka.

Majibu mapya yalipotoka nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Meneja: mizinga thelathini, yote mizima. Mdogo wangu: wa tatu, wa nne, wa saba, wa nane, wa kumi na moja, wa kumi na tano, wa kumi na sita, wa ishirini na mbili, wa ishirini na tano. Mafaili yaliyosalia siku ile yalikuwa ya kwake. Kisha zikafuata namba mbili ambazo mara ya kwanza zilikuwa safi: wa kumi na mbili, unaopakana na wa kumi na moja, na wa ishirini na tatu.

Nilikwenda kwake siku ya kuchoma. Mkaguzi alikuwa ameshasimama kando na karatasi yake. Shimo lilikuwa refu, mizinga imepangwa ndani yake kwa safu mbili, milango imezibwa kwa matope, na ukikaribia ulisikia nyuki wanavuma kwenye mbao. Meneja alikuja mpaka kwenye uzio, akavua kofia, akarudi ndani kwake. Mdogo wangu alikuwa amevaa magauni mawili na kanga juu yake kama ana baridi, ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa ameshamwaga mafuta ya taa mwenyewe, harufu ilikuwa mikononi mwake.

Nilikuwa nimemweleza kila kitu kwenye simu. Sasa alisimama karibu nami akitazama shimo.

"Ile tisa nilishaililia," alisema. "Ilikuwa inaumwa, basi. Hii miwili, Dada?"

Ningeweza kusema ni ya kijana. Ningeweza kusema ni ya ugonjwa, au ya mkaguzi aliyechelewa, na kila moja lingekuwa na ukweli wake kidogo. Lakini vile vichupa vingekuwa na jina lake juu ya kifuniko, tungejua Alhamisi jioni, na Ijumaa ingechomwa tisa tu, kabla hii miwili haijaambukizwa.

"Miwili ni yangu," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaingiza mkono kwenye kanga, akatoa kiberiti, akanipa.